Jina la Mungu si Pambo: Kuhakiki Majina ya Mwenyezi katika Maombi ya Waluo

Utangulizi

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne akikutana na mhusika anayeitwa Matata, huandika papo hapo kwamba hayo ni majazi, kwa kuwa jina linaafiki vitendo. Mtahiniwa huyo huyo akipewa maombi ya fasihi simulizi yenye majina matatu ya Mungu, huyapita yote kana kwamba ni neno moja lililorudiwa. Makala haya yanashikilia kwamba kufanya hivyo ni kupoteza kiini cha maombi. Aghalabu jina analolichagua mwombaji ndilo hubeba sababu ya yeye kuamini kwamba atasikizwa.

Kosa langu

Nakiri kwamba nami nimewahi kuteleza. Nikifundisha katika shule moja ya kutwa karibu na ufuo wa ziwa upande wa Migori, niliwatuma wanafunzi nyumbani wakakusanye maombi na kuyatafsiri kwa Kiswahili. Msichana mmoja alileta maombi ya nyanyake kwa mwana aliyekwenda kuvua usiku. Aliacha jina Nyakalaga lilivyo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata, nikaandika "Mungu", na kumwondolea alama moja kwa kosa la kuchanganya ndimi.

Akanijia ofisini. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "nyanya hakusema hivyo. Alimwita Nyakalaga kwa sababu mtoto yuko majini, na sisi hatuwezi kufika huko."

Sikuwa na jibu.

Majina na mizizi yake

Katika Kiluo, jina lililozoeleka zaidi ni Nyasaye, nalo ndilo lililotumiwa katika tafsiri ya Biblia. Linahusishwa na kitenzi "sayo", yaani kusihi au kuabudu. Nyasaye basi ni Yule Anayesihiwa. Jina hili halituelezi kwanza Mungu anafanya nini; latueleza binadamu anasimama wapi mbele yake. Majirani Waluhya, baadhi yao, pia hulitumia.

Nyakalaga hufasiriwa kuwa Aeneaye Kila Mahali, kama maji yatiririkavyo. Jachwech ni Muumba, kutokana na "chweyo", kitenzi ambacho pia humhusu mfinyanzi wa vyungu. Ruoth ni mtawala, neno lile lile wanaloitwa viongozi wa watu.

Sasa turejee kwa yule nyanya. Angemwita Ruoth, angekuwa anakata rufaa kwa mwenye mamlaka. Angemwita Jachwech, angekuwa anamkumbusha Mungu kwamba aliyemo hatarini ni kazi ya mikono yake. Alipomwita Nyakalaga, alimwomba afike mahali ambapo mkono wa mama haufiki. Ombi lote limo ndani ya jina. Mimi nililifuta kwa kalamu.

Jina likiingizwa vibaya

Hata hivyo, mhakiki asidhani kila jina ni la kale au limetafsiriwa sawasawa. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, amesimulia jinsi mapadre Waitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 ni nani aliyewaumba. Waacholi ni ndugu wa Waluo kilugha, na kwao swali lilisikika kama "Nani aliyewafinyanga?" Wazee walishangaa, kwani mtu huzaliwa, hafinyangwi. Walipozidi kushurutishwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na kibyongo husemekana amefinyangwa na Rubanga. Basi akamtaja Rubanga. Jina la nguvu iliyopindisha migongo ya watu likawa jina la Mungu wa Wakristo.

Kwa Wayoruba wa Nigeria yalitokea yanayokaribiana na hayo. Olorun, yaani Mwenye Mbingu, alichukuliwa kuwa Mungu wa Biblia; lakini Eshu, mjumbe wa miungu na mlinzi wa njia panda, akafanywa Shetani. Msomaji asiyejua historia hii atamhukumu Eshu kabla ya kumsikiliza.

Kiswahili nacho kina hazina

Wapo wenzangu wanaosema kwamba Mungu ni mmoja, hivyo jina lolote latosha. Kiimani, sina ubishi nao. Kifasihi, hoja hiyo haisimami, maana Kiswahili chenyewe kinaipinga. Mwenyezi ni mwenye enzi; Muumba ni aliyeumba; Karima ni mkarimu; Mola ni bwana na mlinzi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa akimwusia bintiye, unafungwa kwa dua. Mwanafunzi auendee na kuuliza kila jina limewekwa pale kwa haja gani.

Mambo ya kuzingatia

Mtahiniwa anapohakiki maombi, ajiulize:

(a) Mzizi wa jina ni upi, na unabeba tendo au sifa gani?

(b) Ni nani anayeita, na yumo katika hali gani?

(c) Nikilibadilisha jina hilo kwa jingine, ombi linapungukiwa na nini?

(d) Jina liliingiaje katika matumizi: ni la wenyeji au ni la wafasiri?

Aidha, atofautishe istilahi. Jina linaloafiki tabia au kazi ya mwenyewe ni majazi. Jina la sifa apewalo mtu kutokana na tabia au matendo yake ni lakabu. Kumwita asiyeonekana kana kwamba yupo ni ritifaa. Kutaja istilahi pekee hakutoshi. Aeleze jina linafanya kazi gani katika ombi.

Hitimisho

Siku iliyofuata nilimrudishia yule msichana alama yake, nikamwomba awaeleze wenzake darasani maana ya Nyakalaga. Kwa mwalimu wa Homa Bay au Migori, kazi hii ni ya dharura, maana wanaojua kwa nini jina hili liliitwa usiku na si lile wanazidi kupungua. Tukiwafunza watoto kuandika "Mungu" kila mahali, tutabaki na maombi yasiyoonyesha mwombaji alikuwa na haja gani.

Zoezi: Kusanya maombi mawili kutoka jamii yako. Eleza jinsi majina ya Mungu yaliyotumiwa yanavyochangia maudhui. (alama 10)