Na Funguo Nani Kashika?

Mpwa wangu alianza kwa kufuta. Alikuwa na kazi nane alizochora kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini, tangu akiwa chuoni: programu ya kuagiza chakula, nyingine ya hali ya hewa, tovuti ya hoteli isiyokuwepo, na za namna hiyo. Zote zilipendeza. Jioni moja nyumbani kwangu Sinza alizipanga kwenye kompyuta yake, akazipitia kama mama anayechambua mchele, akabakisha tatu.

"Hizi nyingine mbona nzuri?" nikamuuliza.

"Nzuri, mjomba. Ila nikiulizwa kwa nini kitufe hiki kimekaa hapa, sina jibu."

Tangu jioni ile nimekuwa mtazamaji wa kazi ambayo sikujua kwamba ni kazi. Binti anatafuta ajira ya ubunifu wa UX, yaani ufundi wa kupanga namna mtu atakavyokitumia chombo bila kuhangaika. Jina la ufundi huo si la kale. Don Norman alilitia kwenye cheo chake alipokuwa Apple mwaka 1993. Katika fani hii cheti peke yake hakimtoshi mwajiri. Anataka potifolio: kazi zako chache, zimepangwa na kuelezwa, azione mwenyewe.

Seremala huonyesha kitanda, mshonaji huonyesha gauni. Fundi wa UX ana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu kazi yake ikinyooka haionekani. Mlango ukifunguka vizuri, nani humkumbuka aliyefunga bawaba? Basi inambidi aonyeshe njia aliyopita, na hapo ndipo ufundi wa potifolio ulipo.

Kati ya zile kazi tatu, moja niliifuatilia kwa karibu. Ni ya kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha mama yake, ambaye ni dada yangu. Wanawake hao hukutana kila Jumamosi. Kila mmoja ana kitabu chake kidogo, na akinunua hisa anagongewa muhuri: hisa moja, muhuri mmoja, mwisho hisa tano kwa kikao. Fedha hulala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Katibu anaandika yote kwenye kaunta buku, mistari kaipiga kwa rula na kalamu nyekundu.

Mpwa wangu alitaka kuzihamishia hesabu hizo kwenye simu. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na sehemu ya kuandika kiasi cha fedha na kitufe kimoja cha kijani, "Thibitisha". Akauchapa kwenye karatasi, akaupeleka kikaoni. Mama mmoja aliushika, akaugeuza nyuma kama aliyepoteza kitu, akauliza, "Na funguo nani kashika?"

Swali hilo sasa ndilo kichwa cha ukurasa wa kazi hii kwenye potifolio yake. Chini yake umewekwa mchoro ulioshindwa, mkubwa, kitufe chake cha kijani kikiwa palepale. Inafuata picha ya sanduku, halafu mchoro wa pili: mkopo hautoki mpaka wanachama watatu wabonyeze, kila mmoja kwenye simu yake, na kila akibonyeza mmoja kufuli moja inafunguka kwenye skrini. Sehemu ya kuandika kiasi imeondoka. Mahali pake pana visanduku vitano kwenye mstari. Ukigusa kimoja, muhuri unatua ndani. Asiyejua kusoma anahesabu kwa macho, kama alivyozoea kwenye kitabu chake.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Siku kadhaa zikapita akiandika maneno tu. Aya yake ya kwanza ilianza na "Katika dunia ya leo ya teknolojia". Akaifuta. Ya pili ilimsifu yeye mwenyewe, nayo ikaenda. Iliyobaki inasema: "Kikoba hiki hakimwamini mtu mmoja, na kiko sahihi." Nimesoma makala ndefu za uchumi zisizobeba uzito wa sentensi hiyo.

Kisha akaandika kipi ni chake na kipi si chake: "Mahojiano na michoro ni yangu, kanuni za mikopo nilifundishwa na katibu." Akaomba ruhusa ya kutumia picha za kaunta buku, na hata alipopewa akayaziba majina yote. Sehemu ya matokeo, ambapo wengi hujaza sifa, kaandika kwamba programu haijatengenezwa. Imejaribiwa kwa karatasi na kwa mfano wa kubonyeza tu, na waliojaribu walikwama walipotaka kurudi nyuma. Nikamwambia hilo la kukwama alitoe. Akacheka. "Nikilitoa, mjomba, wataniuliza nilijifunza nini."

Siku moja saa saba mchana alinipa simu yake ya bei ndogo tukiwa barazani, jua limepamba moto. "Soma." Sikuona kitu, maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya weupe. Kanuni za kimataifa za WCAG, za kufanya tovuti zitumike na watu wote, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yeye alikuwa anazijua vizuri, ila kompyuta ya ndani ya nyumba ilimdanganya. Akayakoleza. Akazipunguza picha uzito pia, zisimalize bando la anayefungua. Ukurasa unaodai kwamba mwandishi wake anamjali mtumiaji hauwezi kumchosha mtumiaji wake wa kwanza, ambaye ni mwajiri.

Ufundi huu una wakongwe wake. Susan Kare alikuwa msanii asiye na uzoefu wa kompyuta pale rafiki yake wa sekondari, Andy Hertzfeld, aliyekuwa kwenye timu ya Macintosh, alipomshawishi ajaribu kuchora alama za skrini. Kare alinunua daftari la miraba, akatenga eneo la miraba 32 kwa 32, akawa anaijaza mmoja mmoja, kila mraba ukisimama badala ya nukta moja ya skrini. Akaingia nalo kwenye usaili. Alianza kazi Apple mwaka 1983, na Macintosh ilipotoka Januari 1984 ilibeba alama zake. Michoro yake ya daftarini leo imehifadhiwa na Museum of Modern Art, New York. Potifolio yake ilikuwa karatasi, lakini aliyeifungua aliona mtu anayejua la kufanya kwenye nafasi finyu. Nikivitazama vile visanduku vitano vya mihuri, naona mkono wa ukoo uleule.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili la ajira nabisha kidogo: kizuri nacho hutembezwa, ila kinatembezwa kikiwa kimevaa nguo zake za kazini, na vumbi lake.

Hadi naandika haya, mpwa wangu ameitwa usaili mara mbili, na kazi bado hajapata. Kote kuwili walimuuliza habari za funguo. Nawe unayeajiri, ukiletewa ukurasa kama huu, usiishie kwenye picha ya juu. Shuka mpaka kwenye mchoro ulioshindwa. Fundi yuko pale.