Mpiga Besi Yuko Wapi?

Idi iliyopita baba mdogo alikuja kwangu Tabata, akakuta sabufa mpya sebuleni. Nikamwekea wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wa enzi za Morogoro Jazz, nikaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Nilitegemea sifa. Miaka ya sabini yeye alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi ya mkoani, na mimi nilikuwa nimekopa kwenye kikoba ili ninunue mashine yenye besi kuliko zote dukani. Akasikiliza kimya mpaka wimbo ukafika kwenye chemko, halafu akauliza, "Mwanangu, mpiga besi yuko wapi?"

Nikacheka. Nyumba nzima ilikuwa inanguruma besi.

"Huo ni mshindo," akasema. "Besi inazungumza."

Nilichukia kidogo, kama anavyochukia mtu aliyesifiwa nguo na watu wote isipokuwa fundi cherehani. Lakini swali lake halikuniacha. Katika muziki wa dansi, magitaa huongea kwa zamu: solo hupaa, ridhimu husuka, besi hutembea chini yao, ikimjibu mwimbaji na kuwaandaa wachezaji kabla mambo hayajachemka. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Hata hivyo, kinachotujulisha kwamba kidole kimetoka noti moja kwenda nyingine ni zile sauti za juu zaidi zinazozaliwa pamoja na huo mtetemo. Sabufa nyingi za bei ya kawaida zina boksi lenye tundu linalonguruma zaidi kwenye sehemu moja tu. Noti ikipita hapo inavimba, ikipita pembeni inasinyaa. Na vile vispika vidogo vinavyoandamana nayo haviwezi kushuka chini vya kutosha kuupokea mzigo. Mpiga besi anatumbukia katikati ya hilo pengo.

Hapa wapo watakaosema basi sabufa ni ushamba. Sikubali. Weka singeli kwenye spika zenye adabu uone inavyopooza, kama pilau iliyosahauliwa viungo. Muziki huo unatengenezwa kwenye kompyuta na watu wanaojua fika kwamba utapigwa kwenye sabufa, kwenye bajaji na kwenye vigodoro. Kule mshindo ndio utunzi wenyewe. Anayependa sabufa hajakosa masikio. Ana muziki wake, na mashine imemfaa.

Ila nilitaka kujua. Nikaazima kwa rafiki spika mbili za kukaa juu ya rafu, nikaurudia wimbo uleule. Mpiga besi alikuwepo. Nilimsikia akitangulia mapigo kidogo, akirudi, akikaa kimya pale ambapo mimi nilidhani kuna ngurumo. Nilisikia pia mchakacho wa rekodi ya zamani, na sauti ya mwimbaji ikikwaruza pale alipopaza. Na kusema kweli, sikupenda. Wiki nzima niliuona muziki ule mkavu.

Kwa nini nimsikie mtu kwa mara ya kwanza halafu nisimpende? Sehemu ya jibu ni ya zamani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana dukani mashine inayopigwa kwa nguvu na yenye besi nyingi humshinda jirani yake ndani ya dakika moja. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive wakaonyesha jambo linalouma zaidi: wasikilizaji wakiziona spika hutoa alama tofauti na wanazotoa wakiwa hawazioni, ingawa sauti ni ileile. Nikaikumbuka siku niliyonunua sabufa yangu Kariakoo, na zile taa zake za rangi zikicheza. Nilichokiita ladha yangu kilikuwa na mikono mingine ndani yake: ya muuza duka, ya macho, na ya miaka yote niliyokaa nikisikiliza muziki wa majirani kupitia ukutani.

Lakini hata wale mabingwa wa Hi-Fi, wanaonunua waya kwa bei ya pikipiki, wana namna yao ya kumpoteza mpiga besi. Rekodi zetu za zamani wanaziita mbovu, hawaziweki kabisa. Wanatafuta rekodi safi itakayoisifia mashine yao. Mimi nilimzamisha mtu kwenye ngurumo. Wao wamemfungia mlango. Sioni nani kati yetu amemtendea vyema.

Hi-Fi maana yake ni uaminifu wa hali ya juu. Sisi tunaitamka "haifai", na utani huo una ukweli, maana swali bado lipo: uaminifu kwa nani? Wataalamu watasema kwa rekodi. Nakubali, lakini ndani ya rekodi kuna mtu aliyesugua vidole kwenye nyuzi, akalipwa kidogo, akaenda zake. Ladha ni haki ya kila mmoja, na sitaki mtu aje sebuleni kwangu kunipangia. Ninachodai, na ninajidai mwenyewe kwanza, ni kwamba anayechagua sauti ajue anamnyamazisha nani.

Spika za watu nimezirudisha. Sabufa nimeitoa kwenye kona, ambako kuta zilikuwa zinaizidishia ngurumo, na kitufe cha besi nimekishusha mpaka robo. Baba mdogo alipokuja tena sikumwambia kitu. Nikaweka wimbo uleule. Alikuwa anapuliza chai. Chemko ilipoanza, vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubana nyuzi juu ya goti lake, kimoja baada ya kingine, bila kukosea.

Jumamosi wenzangu walikuja na singeli yao. Nikakipandisha kitufe.