Sekunde Tatu za Mwalimu Mgeni

Walimu wapya wakiambiwa waandike malengo yao, huandika makubwa: kuinua alama za darasa, kumaliza silabasi mapema, kumfikia kila mwanafunzi. Mwalimu mmoja kijana anayefundisha Gredi ya 5 karibu na Siakago, huko Mbeere, aliandika mstari mmoja tu kwa muhula mzima: nikiuliza swali, ningoje. Mengine, alisema, yatapata zamu yao.

Utaliona lengo hilo dogo mpaka ukae nyuma ya darasa umtazame. Ameuliza swali la Kiswahili. Mikono imeshapaa, ya wale wale wa madawati ya mbele, "Madam! Madam!" Hamtaji mtu. Anawapitia wote kwa macho, anahesabu kimoyomoyo, kisha anachomoa kijiti kimoja kwenye mkebe wa Kimbo, kila kijiti kikiwa na jina la mwanafunzi. Swali kwanza, kimya, jina mwisho. Angetanguliza jina, darasa zima lingestarehe na kumwachia kazi mtu mmoja.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili miaka ya 1970 akakuta kuwa walimu kwa kawaida hungoja sekunde moja hivi, au hata chini yake, kabla ya kudakia. Wakivumilia hadi tatu, majibu hurefuka, na wanafunzi waliozoea kunyamaza huanza kusema. Sekunde tatu si kitu kwa anayengoja matatu ya kwenda Embu. Kwa mwalimu mgeni aliyekodolewa macho na darasa zima, ni ndefu mno.

Siku nilipomtazama, somo lilikuwa vitate, kalamu na karamu, na hapa watoto wa Mbeere wana kazi, kwa kuwa lugha ya nyumbani hutumia r pale Kiswahili kinapotaka l. Kijiti kikamwangukia mvulana wa dirishani. "Nimenunua karamu dukani." Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakumkosoa, wala hakuwakemea waliocheka. Aliyaandika maneno yote mawili ubaoni, akawataka wote waweke ncha ya ulimi nyuma ya meno na kuivuta ile l, wote kwa pamoja, waliocheka wakiwemo. Kisha akamrudia yule yule: "Na huko karamuni ulikula nini?" Kijana akatazama juu kwenye mabati. Akangojwa. "Wari... wali," akasema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa na kuendelea na somo, bila makofi. Nilipenda hasa hilo la kutopiga makofi. Pongezi nyingi nazo humwaibisha mtoto.

Ubao wake nao una adabu. Ameugawa kwa mistari miwili ya wima: msamiati kushoto, kazi katikati, kulia pa kuandika na kufuta. Chaki huivunja nusu isipige kelele, na huandika akiwa amesimama upande, darasa asilipe mgongo. Haya alifundishwa chuoni kama wenzake wote. Kungoja ndiko anakojifunza sasa, na bado humshinda: dakika za mwisho zikibana, huuliza na kujijibu mwenyewe.

Tangu 2016 Tume ya Huduma za Walimu ina mfumo wa TPAD, ambamo mwalimu hujiwekea malengo na mkubwa wake akamtathmini. Walimu wameulalamikia kwa wingi wa makaratasi, na nadhani wana haki. Hata hivyo fomu ile ina nafasi ya lengo kama hili, ikiwa mtathmini anajua cha kutazama.

Kwa hiyo, naibu wa mwalimu mkuu, ukienda kumtathmini mgeni wako, kaa nyuma dakika zote 35. Hesabu anangoja kwa muda gani baada ya kila swali, umwambie ulichohesabu. Na tafadhali, usimwongezee lengo la pili kabla hili la kwanza halijakomaa.