Wimbi na Wimbo: Uhakiki wa Muziki wa Mawimbi wa California

Uhakiki wa nyimbo katika madarasa yetu umezoea kushughulika na maneno. Mwalimu huandika ubeti ubaoni, huwauliza wanafunzi vina na mizani, kisha huwaongoza kuitafuta dhamira. Njia hii ni njema, lakini humkwamisha mwalimu afikapo kwenye kazi isiyo na neno hata moja. Katika makala haya twakusudia kuutazama muziki wa namna hiyo, uliozuka katika jimbo la California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uliitwa muziki wa mawimbi kwa kuwa ulipigiwa vijana waliopenda mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi hadi pwani. Tutauhakiki kwa fani na kwa maudhui, nasi tutauliza swali ambalo walimu wa lugha hatuwezi kulikwepa: mchezo huo ulikuwa na lugha yake na nyimbo zake, je, vilikwenda wapi?

Asili ya mchezo

Mchezo huu ni wa watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, na huko Hawaii ndiko ulikokomaa hata ukawa sanaa. Wahawaii waliuita he'e nalu, yaani kuteleza katika wimbi. Walicheza wakuu na watu wa kawaida, wanaume, wanawake na watoto. Hata hivyo, mbao zilidhihirisha tabaka. Ubao mrefu uitwao olo, ambao uliweza kufika futi 16 na zaidi, ulikuwa wa wakuu, na ulichongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili. Ubao mfupi na mwembamba uitwao alaia ulichongwa kwa mti wa koa au mshelisheli, nao ulitumiwa na wengi. Washairi walitunga mele, yaani nyimbo za kughani, kuwasifu wakuu hodari wa mawimbi. Basi tangu awali wimbi na wimbo vilikwenda pamoja, na wimbo huo ulikuwa wa maneno.

Nahodha James Cook wa Uingereza alifika Hawaii mwaka 1778, akauawa huko mwaka uliofuata. Luteni wake, James King, aliandika mwaka 1779 jinsi alivyowaona wenyeji wakiyapanda mawimbi kwa ushujaa na furaha. Baada ya wageni hao yalikuja maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo. Taifa lililohesabiwa kwa malaki lilipungua mno, hata kufikia mwaka 1890 wenyeji pamoja na machotara wao walikuwa kama 40,000 tu. Wamisionari waliofika mwaka 1820 waliuchukia uchi na kamari zilizoandamana na mchezo. Lakini si haki kuwatwika wao peke yao mzigo wote. Mchezo hufifia wachezaji wanapokufa, na wale waliosalia wanapokosa wasaa kwa kufanya kazi za biashara ya wengine.

Malkia Liliuokalani alipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Katikati ya matukio hayo mawili, yaani mwaka 1896, serikali ya waliopindua ilitunga sheria iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Tunamwomba msomaji aukumbuke mwaka huo, maana tutaurudia.

Mchezo wenyewe haukufa. George Freeth, mwenye damu ya Kihawaii, aliuonyesha huko Redondo Beach, California, mwaka 1907. Duke Kahanamoku, aliyepata medali ya dhahabu ya kuogelea katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, aliupeleka Australia katika majira ya joto ya 1914 na 1915. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mbao nzito zilianza kuachwa, zikatengenezwa nyingine kwa povu gumu la kemikali, nyepesi na rahisi kubeba. Ndipo vijana wa California wakajaa ufukoni kwa maelfu. Na penye vijana wengi hapakosi ngoma.

Fani: gita linaloiga bahari

Jina la kwanza katika muziki huu ni Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937, baba yake akiwa mtu wa asili ya Lebanoni. Santuri yake ya "Let's Go Trippin'" ya mwaka 1961 huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa mkondo huu. Alitumia mkono wa kushoto na kuligeuza gita bila ya kubadili mpangilio wa nyuzi, hivyo uzi mzito ukawa chini na mwembamba juu. Alipiga kwa nguvu nyingi hata vikuza sauti vya siku zile vikaungua, na fundi Leo Fender akalazimika kumtengenezea vikubwa zaidi. Fender pia alitoa kifaa cha mwangwi mwaka 1961, ambacho wapigaji waliofuata walikipenda sana, kwa sababu kiliufanya mlio wa uzi usikike kana kwamba umelowa maji.

Kazi bora ya Dale, kwa maoni yetu, ni "Misirlou" ya mwaka 1962. Humo hupiga uzi mmoja kwa kasi, juu chini, juu chini, pasipo kupumzika, huku lahani ikipanda na kushuka. Msikilizaji haambiwi kwamba hii ni bahari. Anatekwa tu na nguvu isiyomngoja, kama anayesukumwa na maji mgongoni. Hapa fani imebeba maudhui yote. Mwanafunzi anayedhani kwamba maudhui hukaa katika maneno tu atapata funzo kubwa kwa kuusikiliza muziki huu mara mbili.

Lakini lahani hii si ya California, wala si ya Hawaii. Ni wimbo wa kale wa nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania, na santuri yake ya mwanzo ijulikanayo ilitolewa mwaka 1927 kwa Kigiriki. Jina lake lina maana ya mwanamke wa Kimisri, na msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi ili aione Misri ndani yake. Maqamu yake ni Hijaz Kar, nayo si ngeni kwa masikio yaliyozoea udi na kanuni. Upigaji wa harakaharaka wa uzi mmoja nao unafanana sana na upigaji wa udi. Taarabu yetu ya pwani iliteka maji katika kisima hichohicho: inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Mto mmoja ulitoa mifereji miwili: mmoja ukafika Unguja, na mwingine, kwa njia ya wahamiaji, ukafika ufukoni mwa California.

Je, Dale alaumiwe kwa kuazima? Hatuoni sababu. Alichukua lahani iliyokuwa ikipigwa katika jamii ya wazazi wake, akaliacha jina lake kama lilivyo, akaipa mwendo mpya. Sanaa yote huazima. Mhakiki huangalia kama mwazimaji ameongeza kitu, na kama ameacha alama ya mahali alipokitoa. Dale alitimiza yote mawili.

Maudhui: orodha ya fukwe

Kundi la Beach Boys, lililoanza mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, liliutia muziki huu maneno. Wimbo wao uliovuma kupita nyingine za awali ni "Surfin' U.S.A." wa mwaka 1963. Kifani ni wimbo mzuri: sauti zinaingiliana kwa ustadi, na mwitikio ni rahisi kushikwa na kila mtu. Lakini lahani yake ni ile ya "Sweet Little Sixteen" ya Chuck Berry, mwanamuziki Mmarekani Mweusi, iliyotolewa mwaka 1958. Santuri ilipotoka, mtungaji aliyeandikwa alikuwa Brian Wilson peke yake. Jina la Berry liliingizwa baadaye. Hapo ndipo tunapoona tofauti na Dale: mwazimaji ameongeza kitu, lakini alama ya alipokitoa ilifutwa kwanza.

Maudhui ya wimbo ni orodha ya fukwe, nyingi za California, pamoja na Waimea ya Hawaii na Narrabeen ya Australia. Hawaii, iliyo mama wa mchezo, imekuwa jina moja katika orodha. Tena yatajwa Manhattan, yaani Manhattan Beach. Katika mji huo Willa na Charles Bruce, mke na mume Weusi, walianzisha mwaka 1912 mahali pa mapumziko ya bahari kwa watu wa rangi yao. Katika miaka ya 1920 halmashauri ya mji iliwanyang'anya ardhi kwa kisingizio cha kujenga bustani. Ardhi hiyo ilirudishwa kwa warithi wao mwaka 2022 tu. Wimbo unaota kwamba kila mtu nchini angekuwa na bahari ya kuchezea. Ukweli ni kwamba hata waliokuwa nayo mlangoni walifukuzwa.

Atatokea msomaji atakayetukanya: hawa walikuwa vijana wakiimba furaha yao, nao hawakuwa na deni la kufundisha historia. Tunakubali. Wimbo wa furaha haupimwi kwa kipimo cha utenzi wa vita. Hatusemi kwamba wimbo ni mbaya. Twasema kwamba upeo wake ni finyu kuliko bahari iliyoutaja. Jambo moja zaidi latupa fikra: kati ya wanakundi hao ni Dennis Wilson peke yake aliyekuwa akiteleza kweli mawimbini. Waliobaki waliyaimba kwa kusikia.

Lugha iliyokosekana

Sasa turudi kwenye mwaka 1896. Wakati muziki wa mawimbi ulipovuma, watoto wengi wa Hawaii hawakuijua tena lugha ya babu zao. Kundi la Chantays liliuita muziki wao usio na maneno "Pipeline", ambalo ni jina la Kiingereza la wimbi maarufu la kisiwa cha Oahu. Kwa hiyo wimbi la Hawaii lilisikika duniani, likiwa na jina la wageni na bila neno la wenyeji. Tunaona kwamba ububu wa muziki huu una sura mbili: kwa upande wa sanaa ni uzuri, kwa upande wa historia ni pengo.

Pengo hilo limeanza kuzibwa, na waliolizibua ni walimu. Katiba ya Hawaii ya mwaka 1978 ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi. Mwaka 1984 zilianza shule za watoto wadogo zinazofundisha kwa lugha hiyo, na mwaka 1986 kizuizi cha 1896 kiliondolewa. Watafiti wameyarudia magazeti ya Kihawaii, ambayo yalianza kuchapishwa mwaka 1834, wakayakuta yamehifadhi majina ya mawimbi, hadithi na mele za wachezaji. Kilichoandikwa kwa lugha ya wenyeji kiliwangojea wajukuu.

Kazi ya darasani

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za bara, ambao maziwa ndiyo bahari yetu, tunaweza kuyatumia haya bila gharama kubwa. Kwanza, tuwasikilizishe wanafunzi "Misirlou" ya Dale kisha wimbo wowote wa taarabu ya udi, nao waeleze kwa Kiswahili fasaha yale yanayofanana na yasiyofanana. Pili, tuwape kazi ya istilahi. Baadhi ya watu hulitohoa jina la Kiingereza la mchezo huu. Lakini Kihawaii chenyewe kinasema "kuteleza wimbi", nasi tuna kuteleza na tuna wimbi. Tunapendekeza "kuteleza mawimbini", kwa maana tafsiri hii yatoka moja kwa moja kwa wenye mchezo. Tatu, kila mwanafunzi na aulize kwa wazee wa kwao mchezo mmoja wa majini au wa nchi kavu, pamoja na maneno yake na wimbo wake, auandike kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, na daftari hizo zitunzwe shuleni.