Stata ya Land Rover

Ifakara wangaliko mafundi wazee wachache ambao, wakiletewa Land Rover ya Series II, gari lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958, hawakubali kulifungia stata nyingine mpaka waishike ile ya zamani mikononi, waigeuze, wayahesabu meno ya bendeksi, ile gia ndogo ya stata, watazame inazungukia upande gani, na wapime pua yake itaingia kadiri gani hata kuifikia flaiwili, gurudumu zito la injini. Kwao kuchagua ni nusu ya kazi, na kwa yakini hawakosei. Maana injini ya petroli ya lita 2.25 hukandamiza mchanganyiko wake mara 7 au 8, ilhali ya dizeli ya ukubwa huo huo huikandamiza hewa mara 23, basi stata inayoiamsha ya kwanza pasipo taabu huishiwa nguvu mbele ya ya pili.

Lakini linalonipendeza zaidi ni namna wanavyoifunga. Waya wa betri ukishatolewa, fundi huchukua msasa akausugua uso wa chuma ambapo stata itakaa, hata rangi na kutu vikaondoka. Maana umeme ulioingia kwa waya mnene sharti urejee kwenye betri kwa njia ya mwili wa stata na injini, na kutu kidogo hutosha kuuzuia, stata ikazunguka kwa unyonge, na mwenye gari akaenda kununua betri asiyoihitaji. Bendeksi huiosha kwa petroli, akaiacha kavu. Kijana aliye kando, kwa nia njema kabisa, huchota grisi. Mzee humshika mkono, maana vumbi la kiangazi la bonde hili la Kilombero hunata kwenye grisi, na yale meno, ambayo hayasukumwi na kitu ila kasi ya mzunguko wenyewe, huganda yasiirukie flaiwili. Kisha bolti huingizwa kwa vidole, spana hufuata baadaye, huku na huku kwa zamu.

Uangalifu huo ulifunzwa na haja. Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, magari ya Mahenge na Malinyi yalivuka Mto Kilombero kwa pantoni, na gari lililokataa kuwaka humo liliwazuia wote walio nyuma yake. Siku hizi, matundu ya bolti yakilingana tu, stata yoyote iliyopatikana dukani hufungwa, na meno yasiyoelewana yakasagana hata flaiwili ikaharibika, ambayo haibadilishwi ila giaboksi au injini itolewe. Hasara yote hiyo ni kwa sababu ya kuona uvivu kuhesabu meno!

Enyi mlio na magari hayo, stata ya zamani, hata ikiwa imeungua, msiwauzie wanunuzi wa chuma chakavu. Mpelekeeni fundi, kwani pasipo hiyo hana cha kulinganishia.