Gari Lisilosumbua: Mwongozo wa Mnunuzi wa Illasit

Muulize dereva yeyote kwenye steji ya Illasit gari gani linafaa kununuliwa, na jibu litakufikia kabla hujamaliza swali: Probox, halisumbui. Hukumu hiyo imetoka kwa watu wanaopakia kreti za nyanya na magunia ya vitunguu tangu alfajiri, wakabeba abiria hadi Loitokitok na Kimana, na jioni wakamkabidhi mwenye gari hesabu yake. Ninaiheshimu. Ila anayetaka kulijua gari kwa undani ana maswali mengine ya kuuliza. Halisumbui nani? Likiwa na umri gani? Likifanya kazi ipi? Maswali hayohayo ndiyo ya kuulizwa kuhusu orodha za ng'ambo ambazo wauzaji wa Kitengela na Nairobi hupenda kuzitaja.

Orodha inayotajwa zaidi ni ya J.D. Power, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1968. Huwatafuta watu walionunua gari jipya, ambalo sasa lina miaka 3, na kuwauliza ni matatizo gani yaliwapata katika miezi 12 iliyopita. Matokeo husomwa kama idadi ya matatizo kwa kila magari 100. Mwaka 2024 wastani wa soko la Marekani ulikuwa 190, na Lexus, iliyoongoza, ilipata 135. Hebu tuzipige hesabu. Kampuni yenye 190 na nyingine yenye 200 zaweza kuachana kwa nafasi kadhaa kwenye orodha, muuzaji akazisoma nafasi hizo kwa sauti kubwa, kumbe kinachozitenganisha ni tatizo moja katika kila magari 10. Mtu mwenye gari moja hawezi kuigundua tofauti hiyo hata akiliendesha mwaka mzima.

Halafu, tatizo ni lipi? Katika hesabu hiyo, simu ikikataa kuungana na redio ya gari ni tatizo moja, na giaboksi ikifa ni tatizo moja vilevile. Miaka ya karibuni malalamiko mengi zaidi yamekuwa ya skrini, simu na redio. Consumer Reports, shirika la watumiaji wa bidhaa lililoanza mwaka 1936, nalo huwauliza wanachama wake, lakini kasoro za injini na giaboksi hupewa uzito mkubwa kuliko kelele za plastiki. Wajerumani wana njia zinazonivutia zaidi kwa sababu hazingojei maoni ya mwenye gari. Chama cha madereva cha ADAC huhesabu magari ambayo mafundi wake wameitwa kuyanasua barabarani, na chanzo kikubwa cha miito hiyo ni betri. Mashirika ya ukaguzi ya TÜV nayo hutumia ukaguzi wa lazima wa magari, na kuonyesha ni asilimia ngapi ya magari ya kila aina yalikutwa na kasoro nzito, kwa makundi ya umri: miaka 2 hadi 3, 4 hadi 5, na kuendelea hadi magari ya miaka zaidi ya 10.

Hapo kwenye umri ndipo Mkenya anapaswa kukaa sana. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8, na mengi yanayoshuka bandarini Mombasa yamekaribia ukomo huo. Gari ambalo Mmarekani amelitolea maoni likiwa na miaka 3 sisi hatujaligusa; tutalipokea likiwa na miaka 7, dhamana ya kiwanda imekwisha, mpira umeanza kukauka, na bado tunalitegemea kwa miaka 15 mingine. Kwa hiyo ukipewa orodha yoyote, tafuta kwanza umri wa magari yaliyopimwa. Jedwali la TÜV la miaka 6 hadi 7 lina manufaa kwako. Tuzo ya gari jipya la mwaka haina.

Probox lenyewe halimo katika orodha hizo. Toyota walilitoa mwaka 2002 badala ya Corolla ya mizigo, wakaliunda kwa ajili ya kazi za Japani, na halikuuzwa Marekani wala Ujerumani. Basi wasome ndugu zake. Injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500, iliyomo katika Probox nyingi za zamani, imefungwa pia kwenye Vitz na kwenye Yaris zilizouzwa Marekani, na kumbukumbu za magari hayo zinaweza kusomwa. Lakini usiivushe sifa ya injini ikawa sifa ya gari zima. Yaris ya Mmarekani haikubeba kreti 20 za nyanya.

Kuna jambo moja linalowaumiza wanunuzi wengi, nami ninalisema kwa msisitizo: jina Probox ni la magari mawili. La kwanza, hadi mwaka 2014, lilikuwa na giaboksi ya kawaida, ya mkono au ya otomatiki ya gia nne. La pili, kuanzia 2014, likiwa otomatiki kwa kawaida lina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili bila gia za kupanda moja baada ya nyingine. CVT hudai oili yake maalumu, na fundi akiijaza oili ya otomatiki ya zamani kwa kuwa ndiyo iliyo dukani, mkanda huo huanza kuteleza na kulika. Sifa unayoisikia steji ilijengwa na gari la kwanza. Unayeuziwa leo lililoshuka bandarini karibuni, kwa sheria ya miaka 8, unauziwa la pili. Huenda nalo ni zuri, lakini sifa yake ni ya kupimwa upya, si ya kurithi.

Nchi hii imewahi kuwa na orodha yake. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi wazee wetu walichagua magari kwa kuangalia nani amefika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7, na Nick Nowicki akashinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena, na mshindi akawa Nowicki yuleyule kwa Peugeot ya aina ileile. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa 404. Watu wakalipenda Peugeot, na hawakukosea: kipimo hicho kilikuwa cha barabara zetu wenyewe, vumbi letu na matope yetu. Upungufu wake ni kwamba gari la mashindano lina mafundi wanaolisubiri njiani na spea mkononi. Kushinda kulionyesha uwezo wa bodi na injini kustahimili siku chache za mateso. Miaka 10 ya mwenye duka wa Rombo ni mtihani mwingine.

Ushuhuda wa watu nao una mipaka yake. Dereva wa hesabu hupima siku alizokosa kazi, kwa hiyo gari linalokunywa oili lakini linawaka kila asubuhi kwake ni zuri. Mwenye gari hupima risiti, na akishalilipia kwa mkopo ni vigumu kumsikia akilisema vibaya. Fundi wa Kitengela atakuambia Toyota humjia kila siku, na ni kweli, kwa sababu Toyota ndizo zilizojaa mjini. Asiyejua magari mangapi yako barabarani hawezi kukuambia aina gani huharibika zaidi. Zaidi ya hayo, kilomita 100,000 za foleni ya barabara ya Namanga si sawa na kilomita 100,000 za mizigo na vumbi la Illasit. Za kwanza huchosha breki na giaboksi. Za pili hula bushi, shokomzoba na kila kitu kinachopumua hewa.

Ndiyo maana mwishowe gari lililo mbele yako lina uzito zaidi kuliko orodha zote. Nenda asubuhi, kabla halijawashwa, uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, muulize muuzaji kwa nini ameipasha. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani. Kahawia safi ni kawaida. Utando mzito mweusi kama lami ni oili iliyokaa mno. Rangi ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, na hapo funga boneti uende zako. Toa kichujio cha hewa ukigonge: vumbi kwa nje halina neno, lakini ukipitisha kidole kwenye mdomo wa bomba lililo nyuma yake, kikatoka chekundu, jua injini hiyo imekuwa ikila udongo. Kisha tazama mpira wa pedali ya breki. Pedali iliyolika hadi chuma na mita inayosoma kilomita 60,000 haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Kwa gari lililotoka Japani karibuni, omba karatasi mbili. Cheti cha kufuta usajili huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko; zilinganishe na mita. Karatasi ya mnada ina mchoro wa gari: herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipofanyiwa ukarabati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi hizo zimepotea zote mbili, bei yake ishuke.

Mwisho hesabu spea. Linki, bushi na pedi za Probox zinapatikana Loitokitok mchana huohuo. Gari ambalo kipuri chake sharti kiagizwe Grogan, Nairobi, kipakiwe kwenye matatu na kingojewe hadi kesho yake, kila siku ya kungoja iandike kama kasoro ya gari, hata kama orodha ya Marekani imeliweka namba moja. Kwa kipimo hicho, mimi ningechukua Probox la zamani lenye daftari la huduma na fundi anayejulikana kwa jina kuliko lile la pili lenye namba ya KDA ambalo mwenyewe hajui ni oili gani iliyomo kwenye CVT yake.