Fundi wa Kona

Ukuta wa darasa hujengwa na kijiji kizima, lakini kona zake hujengwa na mtu mmoja. Ukipita vijiji vya Masasi, kusini mwa Tanzania, baada ya mavuno ya mahindi na kabla korosho hazijaanza kuanguka, huenda ukakuta shule ya msingi yenye tanuru la matofali pembeni, rundo la mchanga, na watu waliogawiwa zamu kwa vitongoji. Kwa mbali ni vurugu. Sogea, mtafute fundi mwashi, utazame mikono yake.

Huanza na uzi. Kona ya kwanza ya msingi huipata kwa tatu, nne na tano: futi tatu upande huu, futi nne upande ule, na kipimo cha kukatiza kikisoma futi tano kamili, kona imekaa. Kisha hupima chumba kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukingamisha. Vipimo viwili vikitofautiana, vigingi hung'olewa na kazi inaanza upya, hata kama jua limeshapanda na watu wanasubiri. Mpira mwembamba uliojazwa maji humwonyesha kama kona ya huku na ya kule ziko usawa mmoja.

Ndipo unapoanza ufundi ninaouheshimu kuliko wote. Fundi anayejenga nyumba ya mtu huja na vibarua anaowajua. Fundi wa shule hupokea aliyeletwa na zamu: mzee aliyewahi kujenga, kijana asiyewahi kushika mwiko, mama mwenye mtoto mgongoni. Kumfukuza mtu aliyekuja kujitolea hawezi, na kuukubali ukuta uliopinda hawezi pia, maana watakaokaa chini yake ni watoto. Basi huinua kona zote nne mwenyewe, kozi tano au sita, timazi ikishuka kila mara. Akishamaliza hufunga uzi kutoka kona hadi kona, na katikati huwaachia wananchi. Mwenye mkono mgeni ana mambo mawili tu ya kuangalia: tofali liukaribie uzi bila kuusukuma, na kiungio cha juu kisiangukie juu ya kiungio cha chini. Akikosea, kosa lake litaonekana kwenye kozi hiyo hiyo. Fundi mwenye adabu hungoja watu waende kunywa uji, akabomoa matofali matatu manne na kuyarudishia vizuri, na hamtaji mtu.

Matofali nayo yana masharti. Lililoiva hulia likigongwa na mwenzake. Bichi hutoa sauti ya udongo. Hulowekwa kabla ya kujengewa, la sivyo hunyonya maji ya mchanganyiko na saruji haishiki. Kwa hiyo maji ni nusu ya kazi, na ukipanda Newala ni zaidi ya nusu. Huko kwenye uwanda wa juu wa Makonde mvua huzama kwenye mchanga, chemchemi ziko mabondeni, na mradi wa maji wa Makonde, wa tangu miaka ya 1950, husukuma maji kupanda huko juu kwa pampu. Darasa la Newala limebebwa kwanza kwenye ndoo, vichwani mwa kina mama, ndipo likasimama. Orodha za michango huandika fedha na mifuko ya saruji. Natamani ziandike na ndoo.

Utaratibu huu wa wananchi kujenga madarasa una historia hapa. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, watoto walifurika madarasani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), 2002 hadi 2006, ukapeleka fedha za ujenzi kwenye kamati za shule, na wananchi wakaongeza nguvu zao. Siku hizi kuna kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Mwenyekiti wa kamati anayejua watu wake hapangi zamu asubuhi mapema msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi inayotaka upepo uliotulia. Huwaita baadaye, nao huja.

Uchungu wangu uko kwenye maboma, madarasa yaliyosimama bila paa. Mara nyingi wananchi huinua ukuta hadi kwenye lenta, halafu halmashauri ndiyo inayotazamiwa kupaua. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba. Boma lililokosa bati hunywa maji kwa juu, na kozi ambazo fundi alizipima moja moja huanza kuachia. Wapo mafundi ambao, wakiona bati linachelewa, huomba nyasi wakafunika kichwa cha ukuta kwa mikono yao, bila kulipwa. Halmashauri inayotaka kuwaheshimu watu hao inunue bati wakati fundi bado yuko kwenye madirisha.